Kambi ya siku mbili Kimbiji: betri ya gari itatosha, na Jumapili gari litawaka?

SWALI: Fundi, shikamoo. Mimi na mume wangu tunakwenda na watoto kupiga kambi ufukweni Kimbiji, pamoja na wifi yangu na mumewe. Tunalala Ijumaa na Jumamosi. Gari letu ni Noah otomatiki. Mume wangu amenunua inveta ya wati 1000 Kariakoo, imekuja na klipu mbili za kubana kwenye betri. Tunataka kubeba feni ya kusimama, taa, sabufa ndogo, friji letu dogo la vinywaji na maziwa ya mtoto, birika la umeme, na kuchaji simu nne. Muuzaji amesema wati 1000 zinatosha vyote hivyo. Shemeji yeye anasema Jumapili tutalala huko huko kwa sababu gari halitawaka. Nani yuko sahihi? (Msomaji, Tabata)

JIBU: Marahaba, mdogo wangu. Shemeji yako ndiye aliye karibu na ukweli, ila safari yenu haina sababu ya kuharibika.

Muuzaji hakuwadanganya kuhusu inveta. Wati 1000 ni kiasi cha umeme ambacho inveta inaweza kupitisha kwa wakati mmoja. Haihusiani kabisa na umeme uliomo ndani ya betri, na inveta yenyewe haizalishi umeme hata kidogo. Inachukua volti 12 za betri na kuzigeuza kuwa volti 230, na katika kugeuza huko inapoteza kama asilimia 10 hadi 15 kwa joto. Kwa hiyo swali la kujiuliza ni jingine: tangu Ijumaa jioni mtachota kiasi gani kwenye betri, na kitakachobaki Jumapili kitaweza kuzungusha stata?

Fungueni boneti muisome betri. Tafuteni namba yenye herufi Ah, yaani ampea kwa saa. Betri za Noah mara nyingi ziko kati ya Ah 45 na 60. Tuchukue 45. Maana yake ni kwamba betri ikiwa mpya na imejaa, inaweza kutoa ampea 2 na robo kwa saa 20 ndipo iishe. Ukiichota kwa kasi zaidi ya hapo, hata hizo 45 huzipati zote. Na kama ina miaka miwili au mitatu katika joto la Dar es Salaam, imeshapungua, kwa sababu joto ndilo linalozeesha betri kuliko kitu kingine.

Tena betri hii haikutengenezwa kwa kazi mnayotaka kuipa. Betri ya kuwashia gari ni kama mtungi mdogo wenye mdomo mpana: inamwaga umeme mwingi kwa sekunde chache, stata inazunguka, injini inawaka, kisha alteneta inaijaza papo hapo. Ndani yake sahani za risasi ni nyembamba na nyingi ili umeme utoke kwa kasi. Ukiichota hadi chini na kuiacha hivyo, salfeti inaganda kwenye zile sahani na haitoki tena yote. Betri iliyokaushwa mara chache namna hiyo hairudi kuwa ile ile. Watu wengi wanalaumu betri kuwa ni feki, kumbe imeuawa na muziki wa pikiniki.

Mimi ninashauri hivi: kwenye betri inayowasha gari, msichote zaidi ya theluthi moja. Kwa Ah 45, hiyo ni Ah 15 tu. Nunueni kipima volti kidogo cha kuchomeka kwenye tundu la kiberiti cha sigara, si ghali. Betri iliyojaa na kutulia inasoma volti 12.6 au 12.7. Ikifika 12.2 imebaki nusu. Ikifika 12.0 imebaki kama robo, na asubuhi unaweza kusikia stata ikilia "tak tak" bila kuzunguka. Pimeni vyombo vyote vikiwa vimezimwa na gari likiwa limetulia saa moja au mbili, kwa sababu ukipima mara tu baada ya kuzima injini utaona 12.9 na kufurahi bure.

Sasa tupige hesabu ya orodha yenu, maana hapa ndipo penye jibu. Kanuni ni moja: wati gawanya kwa volti 12 unapata ampea, ampea mara saa unapata Ah.

Jioni ya Ijumaa mnawasha feni ya kusimama, wati 55. Friji dogo la nyumbani lenye kibao cha wati 80 halifanyi kazi muda wote, linawaka na kuzima, basi tulihesabu wati 40 kwa wastani. Sabufa wati 30. Taa mbili za LED wati 10. Jumla wati 135. Ongezeni kinachopotea kwenye inveta, mnachota ampea 13 hivi kutoka kwenye betri. Betri ya Ah 45 kwa mwendo huo haimalizi saa tatu na nusu. Mkiwasha saa 1 jioni, kwenye saa 4 usiku inveta inaanza kulia kwamba umeme umepungua. Wengi wanasema, "Inveta ina akili, itajizima yenyewe kabla betri haijaisha." Itajizima kweli, lakini inveta nyingi zinajizima kwenye volti 10.5 hivi, na hapo gari lilishaacha kuwaka zamani. Kile kinga kimewekwa kwa ajili ya inveta, hakiangalii kama ninyi mtarudi nyumbani.

Hapo birika bado. Birika la kawaida ni wati 2000, inveta yenu itajizima mara moja. Hata mkipata birika dogo la safari la wati 800, litavuta ampea 75 na zaidi. Kuchemsha lita moja ya maji peke yake hakumalizi umeme mwingi kiasi hicho, ni kama Ah 10, ila ampea 75 zikipita kwa mkupuo kwenye betri ya gari volti zinaporomoka, nyaya zinapata moto na inveta inalia. Kitu chochote kinachotoa joto kiacheni nyumbani: birika, pasi, jiko la wali la umeme, mashine ya kukausha nywele. Chai ya kambini ni ya mtungi mdogo wa gesi au mkaa. Hilo kwangu halina mjadala.

Friji nalo libaki Tabata. Compressor yake inapoanza kuzunguka inavuta mara kadhaa ya wati zilizoandikwa, na inveta za bei ya chini, ambazo umeme wake unapanda na kushuka kwa ngazi badala ya mawimbi laini kama ya TANESCO, zinaichosha mota na kuipasha joto. Chukueni deli. Mkipita Feri asubuhi ya Ijumaa nunueni mabonge makubwa ya barafu, si vipande vidogo, maana bonge linayeyuka polepole. Kilo 10 za barafu hadi ziishe kuyeyuka zimenyonya joto la wati-saa 930 hivi, bila kuchota hata ampea moja. Vinywaji vipozeni nyumbani usiku wa Alhamisi. Maziwa ya mtoto yapate deli lake dogo, lisifunguliwe kila mtu anapotaka soda.

Feni ninaielewa kabisa. Kulala kwenye hema pwani bila upepo, na mtoto mdogo, ni mateso. Lakini angalieni tofauti hii. Feni ya kusimama ya wati 55 ikipitia kwenye inveta, kwa saa 8 inakula Ah 43, karibu betri nzima. Feni ndogo ya volti 12, wati 20, inayochomekwa moja kwa moja bila inveta, kwa saa hizo hizo 8 inakula Ah 13. Na ile ndogo mkiiweka mlangoni mwa hema ikielekea ndani inatosha watu wanne. Ziko kwenye maduka ya vifaa vya sola Kariakoo, zile wanazouza kwa watu wa vijijini. Taa pia zipo za volti 12.

Hapa pana jambo ambalo wengi hawalijui: inveta inakula hata isipokuwa na kazi. Ikiwashwa tu, bila kuchomekwa kitu, inaweza kuvuta nusu ampea hadi ampea moja. Ukiisahau usiku kucha, saa 12, zimekwenda Ah 6 hadi 12. Simu zenu nne zote zinahitaji kama Ah 8. Halafu angalia safari ya umeme wenyewe: unatoka volti 12, unapandishwa hadi 230, kisha chaja ya simu inaushusha hadi 5. Njia nzima unapotea. Chaja ya gari ya USB inashusha mara moja tu. Kwa kambi yenu, inveta mngeweza hata kuiacha, ila mume wako ameshainunua, basi ichukueni kwa ajili ya kitu kama laptop, mkimaliza zimeni.

Kwa hiyo hesabu mpya ya usiku mmoja ni: feni ya volti 12 Ah 13, taa 4, simu 8, na badala ya sabufa spika ya kuchaji Ah 3. Jumla 28. Ni chini sana ya mlichopanga, lakini bado inazidi zile Ah 15 nilizowaruhusu, na mnalala mara mbili. Mngekuwa mnakwenda Mikumi ningesema jambo jingine, kwa sababu kule asubuhi na jioni mnazunguka na gari kutazama wanyama na alteneta inarudisha kile mlichotumia. Ufukweni gari linaegeshwa Ijumaa mpaka Jumapili. Hakuna kinachorudi.

Dawa yake ni betri ya pili. Tafuteni betri ya sola ya Ah 100, ile iliyotengenezwa kuchotwa taratibu na kwa kina, na mchague iliyofungwa kabisa isiyojazwa maji, kwa sababu itakaa ndani ya gari. Kama ndugu au jirani anayo ya nyumbani, azimeni. Ichajini nyumbani kuanzia Alhamisi hadi ijae, muifunge vizuri kwenye buti ili isihame gari likipiga shimo, maana ina uzito wa karibu kilo 30. Msiiunganishe na gari kabisa. Usiku mbili ni Ah 56, inazimudu, na Noah yenu haiguswi. Mkitaka feni ya pili kwa ajili ya hema la wifi, ongezeni Ah 13 kila usiku, jumla inafika 82 na hiyo ni nyingi mno kwa betri ya risasi. Hapo mtahitaji paneli ya sola ya wati 100 pamoja na kontrola yake, kile kifaa kinachosimamia uchaji wa betri. Kwa jua la pwani, Jumamosi nzima inaweza kuwarudishia Ah 30 hivi, mradi gari na betri vikae kivulini na paneli ikae juani. Kivuli cha mnazi kikiangukia kona moja tu ya paneli, umeme unaporomoka.

Wapo mafundi watakaowashawishi kufunga betri ya pili ya kudumu yenye relei, inayochajiwa na alteneta mkiwa njiani na kujitenga injini ikizimwa. Ni kazi nzuri kwa mtu anayesafiri kila mwezi. Kwa safari moja ni gharama bure. Betri za lithiamu nazo ni bora kwa kambi: ya Ah 100 ina uzito wa kilo 12 hivi na inatoa karibu umeme wake wote bila kuumia. Ila msikubali fundi aiunge moja kwa moja kwenye alteneta, maana inavuta kwa nguvu na inaweza kuichoma. Lazima iwe na chaja yake katikati.

Sasa zile klipu. Naomba msizitumie, na hili nalisema kwa uzito. Klipu ya meno inashika betri kwenye ncha chache tu; ampea nyingi zikipita hapo panapata moto, na mtoto akijikwaa kwenye waya inachomoka kwa cheche. Betri inayochajiwa inatoa hewa ya hidrojeni, ambayo inalipuka kwa cheche moja. Waya ufungwe kwa nati na lagi (kile kichwa cha chuma chenye tundu kinachobanwa mwishoni mwa waya), na kwenye upande wa chanya, karibu kabisa na betri, iwepo fyuzi. Waya usio na fyuzi ukibanwa na mlango wa buti ukachubuka, betri itamwaga mamia ya ampea na gari litaungua mnatazama. Kwa feni, taa na chaja za simu, fyuzi ya ampea 15 inatosha. Kwa inveta ikitumika hadi wati 300, fyuzi ya ampea 40. Kuitumia hadi wati 1000 kunahitaji fyuzi ya ampea 125 na waya wa shaba wa milimita za mraba 25, mfupi, usiozidi mita moja na nusu.

Kwa nini ninasisitiza unene wa waya? Chukua mfano. Mtu anaweka inveta ndani ya hema na kuvuta waya wa milimita za mraba 2.5, ule wa soketi za nyumbani, kwa mita 3. Umeme unakwenda mita 3 na kurudi mita 3. Akivuta ampea 30, njiani zinapotea volti 1.25. Betri ina 12.4, inveta inaona 11.1 na kuanza kulia, naye anasema betri ni mbovu. Betri haina kosa lolote. Inveta ikae karibu na betri, na umbali uongezwe kwa ekstensheni upande wa volti 230, ambako ampea ni chache.

Na kuhusu hizo volti 230: ni zile zile za TANESCO, zinaua vile vile. Nyumbani pengine mna swichi inayokata umeme mtu akipigwa shoti. Kwenye inveta ya kubebeka mara nyingi haipo. Watoto wanatoka baharini wameloa, wanakanyaga mchanga mbichi, wanataka kuchomeka kitu. Ekstensheni ikae juu ya meza, mbali nao, na ni mtu mzima peke yake anayeigusa. Vitu vya volti 12 havina hatari hiyo, na hii ni sababu nyingine ya kuvipendelea.

Tundu la kiberiti cha sigara lina fyuzi ya ampea 10 au 15, kwa hiyo msivuke wati 120 hapo. Na kwenye magari mengi halina umeme mpaka funguo iwekwe kwenye ACC, ambapo redio na vitu vingine navyo vinaanza kula. Taa za ndani pia. Milango ya Noah ikiachwa wazi usiku watu wakiingia na kutoka, taa mbili za wati 5 zinamaliza Ah 8 hadi asubuhi. Wekeni swichi zake OFF tangu mnapofika.

Atatokea mtu wa kusema muwashe injini nusu saa kila baada ya muda ili betri ijae. Injini ikiwa sailensa, yaani inanguruma gari likiwa limesimama bila kukanyaga mafuta, nusu saa inarudisha Ah chache tu, na kadiri betri inavyojaa ndivyo inavyopokea polepole zaidi. Kuijaza kabisa ni kazi ya saa nyingi. Hatari kubwa zaidi ni moshi. Hewa ya kaboni monoksaidi inayotoka kwenye ekzosi haina harufu wala rangi, na aliyelala haamki. Pwani mchana upepo unatoka baharini, usiku mara nyingi unageuka na kutoka nchi kavu, kwa hiyo gari lililoegeshwa mahali salama jioni linaweza kuwa linapuliza moshi hemani saa 8 usiku. Injini isiwashwe karibu na mahema watu wakiwa wamelala, kwa sababu yoyote ile.

Kwa wasomaji wenye Prius, Aqua na haibridi nyingine: betri yenu ya volti 12 ni ndogo, mara nyingi imefichwa nyuma, na haistahili kutumika kambini kabisa. Nyaya za rangi ya chungwa msiziguse hata kwa udadisi, zina volti za kuua.

Tahadhari ya mwisho ni kwamba gari lenu ni otomatiki, halisukumwi likawaka. Manyuo ungewaita vijana wa ufukweni wakusukume. Nyinyi mnahitaji waya za kubusti, au kile kifaa kidogo cha kubustia chenye betri yake, kikiwa kimechajiwa. Gari la wifi, kama anakuja na lake, lisiegeshwe mbali na lenu. Ikitokea, waya mwekundu uanze chanya ya betri iliyokufa, kisha chanya ya betri nzima. Mweusi uanze hasi ya betri nzima, na ncha yake ya mwisho ibane chuma cha injini ya gari lililokufa, si kwenye betri yake, ili cheche ikitokea iwe mbali na ile hewa. Acheni injini ya gari zima izunguke dakika 5 kabla ya kujaribu kuwasha lililokufa. Likiwaka, msilizime mpaka mfike Tabata.

Mkifika, ile betri ya sola iwekeni kwenye chaja siku hiyo hiyo ya Jumapili, msingoje Jumatatu. Kama mmeiazima, mrudishieni mwenyewe ikiwa imejaa.